Fishifainda kwenye mtumbwi wa kasia: kuifunga, kuipa umeme na kuisoma Ziwa Nyasa

Ukitoka Matema kuelekea Ikombe, kule kwa wafinyanzi wa vyungu, milima ya Livingstone inaingia ziwani bila kupumzika. Hapo jiwe la mjomba wangu, lenye kamba ya mita 40, hukosa sakafu ukiwa bado unasikia watoto wakiongea ufukweni. Ukirudi upande wa Itungi na midomo ya Kiwira na Mbaka ni habari nyingine: chini ni tope na mchanga wa mito, na kina kinaongezeka polepole. Ziwa ni moja, ila sakafu zake ni mbili, na fishifainda, ile mashine ya kuonyesha kina na samaki kwenye skrini, inazisoma kwa namna tofauti.

Mimi ni fundi wa sola Kyela na mvuvi wa alfajiri. Nimeitwa mara nyingi kuangalia fishifainda "mbovu" za wavuvi wenzangu, na karibu zote zilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye betri, kwenye waya, au pale jicho lilipofungwa. Jicho ni ile transdyusa, kile kipande cha plastiki kinachoingia majini, kupiga sauti na kusikiliza mwangwi wake. Miongozo inayokuja na mashine imeandikwa kwa ajili ya boti za injini. Huu ni wa mtumbwi wa gogo na kasia.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inakula kiasi gani

Soma kibandiko cha nyuma au karatasi yake, tafuta volti na ampea. Nyingi zinataka volti 12, na ndogo za skrini ya inchi 4 au 5 kwa kawaida hula chini ya ampea 1. Ya kwangu nimeipima kwa mita ya umeme: ampea 0.4 ikiwa mwanga wa skrini ni wa kati, na inapanda nikiongeza mwanga. Alfajiri skrini haihitaji mwanga mkali. Punguza, utaongeza saa za kazi bila kununua kitu.

Hatua ya 2: Chagua betri

Wengi wanaanza na betri ya bodaboda kwa sababu ipo kila mahali. Inafanya kazi, lakini imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kunyonywa taratibu asubuhi nzima. Ukiimaliza hivyo mara kwa mara, inakufa mapema. Isitoshe, zile za maji ya asidi zikilala upande mtumbwini zinamwagika.

Mimi natumia betri ndogo iliyozibwa, volti 12 na ampea-saa 7, ile inayowekwa kwenye kengele za ulinzi na UPS za kompyuta. Ina uzito wa kilo mbili na kidogo. Hesabu yake ni hii: betri ya risasi kama hii usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo katika 7 una 3.5 za kutumia. Gawa kwa 0.4, unapata saa 8 na ushee. Nikitoka saa kumi alfajiri na kurudi saa nne asubuhi ni saa 6, akiba ipo. Mashine yako ikila ampea 1 nzima, betri hiyohiyo itakupa saa tatu na nusu tu. Nunua kubwa zaidi.

Pima volti kabla ya kutoka, betri ikiwa imepumzika bila chaji. Ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 umefika karibu na nusu. Kama mfuko unaruhusu, betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti inazidi ya risasi kwa kila kitu mtumbwini: ni nyepesi karibu mara mbili na unaweza kuitumia karibu yote. Ila mita haitakusaidia sana, kwa sababu volti zake hubaki karibu palepale hadi inapokaribia kuisha. Hesabu saa.

Zile lithiamu za mviringo zinazotolewa kwenye laptop za zamani na kuunganishwa mtaani sizipendekezi. Tatu kwa mstari zinafika volti 12.6, na mashine inazikubali. Hatari iko kwenye kuchaji. Ukizichomeka kwenye kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, iliyopangwa kwa betri ya risasi, inazisukuma hadi volti 14 na zaidi, na lithiamu ya aina hiyo ikijazwa kupita kiasi inawaka moto. Moto huo hauzimiki kwa kikombe cha maji.

Hatua ya 3: Fyuzi, waya na ndoo

Msimu wangu wa kwanza sikuweka fyuzi. Waya ulipita ubavuni, kasia likausugua siku baada ya siku, na asubuhi moja shaba mbili zikagusana. Plastiki iliyeyuka magotini pangu tukiwa mbali na nchi kavu. Mjomba aliung'oa waya kwenye betri kwa mkono wake na akaungua vidole. Tangu siku hiyo sifungi mashine ya mtu bila fyuzi.

Weka fyuzi kwenye waya mwekundu, sentimita chache tu kutoka kwenye betri. Ukubwa wake ufuate karatasi ya mashine. Kwa mashine ndogo mara nyingi ni ampea 3 au chini yake. Ikikatika, tafuta sababu kwanza. Usifunge karatasi ya sigara pale.

Waya wa milimita 1.5 unatosha. Waya mwembamba wa chaja ya simu unapoteza volti njiani, na ndiyo sababu mashine nyingi zinajizima na kujiwasha zenyewe. Maungio yachomelee kwa risasi, kisha yafunge yasipate maji.

Betri ikae kwenye kindoo cha rangi cha lita 4 chenye mfuniko. Toboa tundu la waya juu kabisa, ziba kwa gundi ya silikoni, na jaza matambara pembeni betri isicheze. Nimekijaribu majini: kindoo kilichofungwa vizuri kinaelea na betri ndani yake. Kifunge kamba kwenye mtumbwi, karibu na katikati, chini. Wakati wa kuchaji fungua mfuniko, kwa sababu betri ya risasi inaweza kutoa gesi inayolipuka.

Hatua ya 4: Jicho liingie majini

Wenye mitumbwi ya plastiki au faiba wanaweza kubandika jicho ndani na sauti ikapita kwenye sakafu. Kwenye gogo haiwezekani. Mbao ina hewa kwenye nyuzi zake, na hewa inaua sauti. Nimeona watu wamebandika jicho ndani ya mtumbwi kwa gundi, wakalalamika kwamba mashine haioni kitu.

Tafuta bomba la plastiki la nusu inchi, urefu wa mita moja. Funga jicho mwishoni, pitisha waya ndani ya bomba, kisha funga bomba ubavuni kwenye mti uliokatiza mtumbwi, kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira ni mzuri kuliko msumari: bomba likigonga jiwe linarudi nyuma badala ya kuvunjika, na unapokaribia mchanga unalipandisha kwa mkono mmoja. Liweke nyuma kidogo ya katikati, upande usiopigia kasia. Uso wa jicho uwe chini ya tumbo la mtumbwi kwa sentimita chache na utazame chini wima. Ukiinama kidogo tu, kina kinachosomwa kinakuwa kirefu kuliko cha kweli.

Hatua ya 5: Ithibitishe kwa kamba

Funga jiwe kwenye kamba yenye fundo kila mita. Simama penye mita 5, kisha 10, kisha 20, linganisha na skrini. Nusu saa hii itakupa imani ya miaka. Mashine na kamba zikipishana sana, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 6: Mipangilio michache tu

Zima alama za samaki, zile picha ndogo za visamaki. Mashine inabahatisha: kijiti kinachoelea nacho kitachorwa samaki. Tumia masafa ya kilohezi 200 ukianza. Weka kina kwa mkono badala ya kuiachia mashine, maana upande wa Livingstone sakafu ikipotea itahangaika kuitafuta. Ziwa hili linafika karibu mita 700, lakini kuanzia mita 200 hadi 250 kwenda chini hakuna oksijeni, kwa hiyo samaki hawaishi huko. Mimi naweka 0 hadi 60, na nikiwa Itungi 0 hadi 20.

Mwendo wa picha upunguze, kwa kuwa wewe mwenyewe unakwenda polepole. Kama mnavua usipa, dagaa wa ziwa hili, usiku kwa taa za LED, taa ziwe na betri yake. Zikichangia betri moja na mashine, mara nyingi skrini inajaa vidoti na mistari ya wima.

Hatua ya 7: Kusoma

Kinachoonekana kulia kabisa ndicho kilicho chini yako sasa. Vingine vyote vimeshapita. Wavuvi wageni wa mashine wanaona samaki kushoto na kutupa ndoano hapo hapo walipo.

Sauti inashuka kwa umbo la pia iliyogeuzwa, nyembamba juu na pana chini. Kwa masafa ya 200 na jicho lenye pembe ya nyuzi 20, upana wake ni kama theluthi ya kina: mita 30 chini unaona duara la mita 10 hivi, lakini mita 3 chini unaona mita moja tu. Ndiyo maana mbasa, anayewinda karibu na juu, humwoni kirahisi. Tafuta usipa. Wanaonekana kama wingu zito katikati ya maji, na mbasa hufuata chakula chake.

Watu wanasubiri upinde, kwa sababu picha za matangazo zina pinde. Upinde unatokea samaki akikatiza ile pia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtumbwi ukisimama na samaki akasimama, utaona mstari mrefu uliolala. Huyo ni samaki pia, tena ametulia.

Kuna wingu jingine linalodanganya. Wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi wanaishi utoto wao majini, na mabuu yao yana vifuko vya hewa vinavyorudisha mwangwi. Mchana wanakaa chini sana, jioni wanapanda. Ukiona utando mwembamba, sawia, unaoenea mbali bila kukatika na kupanda giza linapoingia, usishushe nyavu kwa ajili yake. Usipa wana vifundo, wanakatika na kuungana.

Kwenye mteremko wa Livingstone kuwa mwangalifu zaidi. Ile pia ya sauti inagusa ukuta wa mawe kwanza upande wa juu, na mashine inachora hapo kuwa ndiyo sakafu. Samaki aliyejibana kwenye mawe chini ya hapo amefichwa kabisa. Skrini tupu penye mteremko haimaanishi maji matupu. Huko mimi bado namwamini mjomba na ndoano yake. Upande wa Itungi soma sakafu yenyewe: mstari mkali ni mchanga mgumu au mawe, mstari uliofifia ni tope, na kambale aliyelala kwenye tope hataonekana.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Mito inapojaa, mbasa hukusanyika midomoni kupanda kwenda kutaga. Mashine itakuonyesha walipo. Tafadhali zima, pita. Mbasa wamepungua machoni petu, na hao ndio mama zao.

Hatua ya 8: Kurudi na kuchaji

Mei hadi Agosti upepo wa kusini, mwera, una mamia ya kilomita za maji wazi za kujengea mawimbi kabla haujafika Matema. Mashine haioni upepo. Bomba likianza kutoka majini kila wimbi, picha itakatika vipande. Pandisha jicho, vaa jaketi la kuokolea kama ulikuwa umelivua, geuza mtumbwi.

Nyumbani paneli ya wati 20 inatosha kwa betri ya 7. Kwenye jua zuri inatoa ampea 1 hivi, kwa hiyo saa tano zinarudisha ulichotumia. Pitisha kwenye kontrola iliyopangwa kwa aina ya betri yako. Chaji siku hiyohiyo, kwani betri ya risasi ikilala nusu tupu wiki nzima inaharibika ndani. Pangusa jicho kwa kitambaa laini na sabuni kidogo, ondoa utelezi. Plagi ya nyuma ya mashine iache wazi ikauke, kisha ifunike kabla hujalala.