RS-485 ya waya mbili: namna ya kugeuza RTS kwenye draiva

RS-485 ni njia ya kuunganisha vifaa kadhaa kwa waya. Laini ya waya mbili vifaa vyote vinagawana, ukiongea husikilizi, kwa hiyo draiva (programu inayoendesha poti) lazima iwashe DE, pini ya chipu ya RS-485 inayoruhusu kutuma, kabla ya kutuma na iizime ikimaliza, na mara nyingi DE inaungwa kwenye RTS (pini ya kuomba kutuma) ya UART, saketi inayotoa data biti moja moja. Kuwasha rahisi. Shughuli iko kwenye kuzima.

Wengi wanazima wakiona bafa tupu, yaani biti ya hali ya UART inayoitwa THRE, sasa hapo ndo baiti ya mwisho inakatwa katikati maana bado iko kwenye rejista ya shifti inatoka biti moja moja. Subiri biti ya TEMT, hiyo ndo inasema kila kitu kimeshatoka. Kwa spidi ya 9600 fremu ya biti 10 inakula kama milisekunde 1.04, ukiwahi kidogo tu upande wa pili unapata takataka, na ukichelewa nako jibu la kifaa kingine linagongana na wewe.

Kwenye Linux usihangaike kugeuza RTS mwenyewe toka kwenye programu, kerneli (kiini cha Linux) inaweza kukuchelewesha vibaya. Jaza struct serial_rs485, weka bendera za SER_RS485_ENABLED na SER_RS485_RTS_ON_SEND, kisha ita ioctl (ombi kwa kerneli) ya TIOCSRS485. Ukirudishiwa kosa la ENOTTY ujue draiva haisapoti. delay_rts_after_send, muda wa kusubiri baada ya kutuma kabla RTS haijageuzwa, ni ya milisekunde, anza na 0. Unasoma ulichotuma mwenyewe? Toa SER_RS485_RX_DURING_TX, ikiendelea basi RE, pini ya chipu ya kuwasha upokeaji, imeachwa imewashwa muda wote.