Seva mbili za NFS, moja ikifa nyingine ishike: jinsi ya kuzipanga bila kupoteza data

Kama ofisi nzima inategemea folda moja ya NFS (folda ya seva ambayo kompyuta zingine zinaitumia kupitia netiweki) alafu folda yenyewe iko kwenye seva moja, siku pawa saplai ikiungua kazi zimesimama kwa wote. Dawa ni seva mbili za Linux, hapa natumia Debian 12, DRBD inanakili diski na Pacemaker pamoja na Corosync zinaamua nani yuko kazini.

Kila seva iwe na diski ya data yenye ukubwa sawa na kadi mbili za netiweki, moja ya watumiaji na nyingine kebo inayotoka seva hadi seva bila kupita kwenye swichi. DRBD ipite kwenye hiyo kebo, Corosync ipite njia zote mbili maana kebo ikichomoka bado seva zinatakiwa zisikiane.

Instoli drbd-utils, pacemaker, corosync, pcs, fence-agents, resource-agents na nfs-kernel-server kwenye zote mbili, alafu zima NFS isijiwashe yenyewe:

systemctl disable --now nfs-server

Hii wengi wanaisahau, kuanzia hapa anayeiwasha ni Pacemaker peke yake.

DRBD ifikirie kama RAID 1 (diski mbili zenye data ile ile) ambayo diski ya pili iko kwenye mashine nyingine. Kwenye konfigi chagua protocol C, yaani data haihesabiki imeandikwa mpaka seva zote mbili ziwe nayo diskini. Zote mbili endesha drbdadm create-md r0 (r0 ni jina ulilompa diski ya DRBD kwenye konfigi) kisha drbdadm up r0, alafu kwenye MOJA TU, ile ya kwanza:

drbdadm primary --force r0
mkfs.ext4 /dev/drbd0

Usiandike kitu kuhusu hii diski kwenye fstab (orodha ya diski zinazojimaunti seva ikiwaka), Pacemaker ndo itaimaunti.

Sasa sehemu ambayo nakuomba usiiruke hata kama una haraka, fensingi. Seva zikipotezana, kila moja itadhani mwenzake kafa na itataka kushika data, zote zikiandika unapata data mbili tofauti na hapo lazima uchague upande mmoja utupwe, kazi za watu zimeenda. Kwahiyo anayetaka kushika lazima kwanza amzime mwenzake kabisa, kwa umeme. Maelekezo mengi yanakwambia weka stonith-enabled=false (yaani zima fensingi) uendelee, nakusihi usifanye hivyo kwenye data ya watu. Tumia fence_ipmilan kama seva zina IPMI (kifaa ndani ya seva cha kuizima na kuiwasha kupitia netiweki), na kile kifaa cha kumzima nodi1, yaani seva ya kwanza, kipe pcmk_delay_base=10s ili zisizimane zote kwa wakati mmoja. Kwenye DRBD nako weka fencing resource-and-stonith pamoja na skripti ya crm-fence-peer iliyoko /usr/lib/drbd.

Ila kuna mtego, hasa kwetu ambako umeme unakatika. IPMI inakula umeme wa seva ile ile, seva ikikosa umeme kabisa IPMI nayo imekufa, seva iliyobaki inatuma amri ya kuzima haijibiwi, na klasta (yaani seva zote mbili zikifanya kazi kama kitu kimoja) inakaa inasubiri huku watu wameganda. Suluhisho ni seva zenye pawa saplai mbili kwenye UPS tofauti, au uongeze PDU (ekstensheni ya umeme ya seva) inayozimika kwa netiweki iwe njia ya pili ya fensingi.

Sasa unda klasta kwa pcs, amri ya kusimamia Pacemaker (Debian inakuja na klasta ya mfano, ifute kwanza kwa pcs cluster destroy) weka hiyo fensingi, kisha ongeza vitu kwa mpangilio huu: DRBD ipande cheo (iwe primary), Filesystem imaunti /srv/nfs, nfsserver, exportfs inayowafungulia watumiaji folda, na mwisho kabisa IPaddr2, ile IP inayohama ambayo ndo watumiaji wanaijua. IP ikitangulia mtumiaji anafika kabla folda haijawa tayari na anapata makosa. Kwenye nfsserver weka nfs_shared_infodir ndani ya /srv/nfs ili kumbukumbu za watumiaji zihame pamoja na data, na kwenye exportfs weka fsid (namba ya kuitambulisha folda) ile ile, na options ziwe rw,sync. Ukiweka async seva inamjibu mtumiaji "tayari" wakati data bado iko kwenye memori, ikifa hapo imepotea na DRBD haina cha kukusaidia.

Upande wa watumiaji maunti kwa hard, sio soft. Hard inasubiri seva irudi, soft inakata tamaa na programu inaweza kuharibu faili katikati.

Kutesti, kwenye kompyuta ya mtumiaji anza kunakili faili kubwa kwenda kwenye folda ya NFS, alafu kwenye seva iliyo kazini andika echo c > /proc/sysrq-trigger, kerneli inaanguka hapo hapo. Kunakili kutaganda, usishtuke, NFSv4 kwa kawaida ina sekunde 90 za kusubiri watumiaji wadai loki zao. Kukiisha linganisha md5sum (namba inayobadilika faili likibadilika) ya faili la asili na la nakala, zikitofautiana usiweke data ya kweli bado. Rudia kwa kuchomoa kebo ya umeme, maana hiyo ndo inaonyesha kama fensingi yako inafanya kazi kweli.

Na bekapu endelea nayo kama zamani, mtu akifuta faili DRBD inalifuta pande zote mbili.

Nodi1 ikirudi iache ikae pembeni isinki taratibu, weka pcs resource defaults update resource-stickiness=200 ili huduma isihame tena mchana watu wakiwa kazini, ukitaka kuirudisha irudishe mwenyewe usiku.