Somo: Kuipa picha ya dijitali sura ya mkanda wa filamu ya rangi wa Kodak Gold 200

Kabla ya kuwasha kompyuta, toa albamu ya nyumbani. Usianze kuhariri bila picha halisi ya karatasi mezani, kando ya skrini. Mimi ninayo ya mama yangu, amesimama mlangoni miaka ya 1990, kajifunga kanga nyeupe yenye pindo nyekundu. Nilikuwa nikiamini naijua picha ile, hadi siku niliyoiweka chini ya taa na kuitazama kwa utulivu. Kanga si nyeupe, ni rangi ya maziwa. Nywele si nyeusi, ni kahawia iliyokolea mno. Na jua linalompiga begani halikuunguza kitambaa: mikunjo yote bado inaonekana. Mambo hayo matatu ndiyo tunayoyatafuta leo.

Wengi wakitaka sura ya filamu hukimbilia kumwaga njano. Picha ikigeuka rangi albamuni, mara nyingi ni wino wake umechujuka kwa miaka. Mkanda mpya uliosafishwa wiki hii hautoi picha iliyochakaa. Tusichanganye filamu na uzee.

Nitatumia GIMP kwa sababu ni ya bure, lakini programu yoyote ya kuhariri picha yenye matabaka (Layers) na mchoro wa Curves itakufaa. Hatua ya 2 na ya 3 unaweza kuzifanya hata kwa Snapseed kwenye simu.

1. Piga picha ukiulinda mwanga. Negativu, yaani mkanda wa filamu wenyewe, huvumilia mwanga mwingi, ila ukiinyima mwanga vivuli vinakuwa tope. Sensa ya dijitali ni kinyume chake: mwanga ukizidi, sehemu hiyo imepotea, hakuna cha kurudisha. Kwa hiyo punguza mwanga kidogo unapopiga, hasa kukiwa na anga au nguo nyeupe. Kwenye simu, gusa sehemu inayong'aa kisha vuta mwanga chini. Kama simu yako inaweza kuhifadhi RAW, yaani picha ghafi ambayo simu haijaihariri, tumia hiyo, maana simu nyingi hunoa kingo za vitu kupita kiasi, na ukali ule hauondoki kirahisi.

2. Mstari wa mwanga. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Fungua Curves. Utaona mraba uliokatwa na mstari kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia. Namba ni 0 kwa weusi kamili na 255 kwa weupe kamili. Shika ncha ya chini uipandishe kutoka 0 hadi kama 14: weusi wa picha sasa umelegea, kama nywele za mama. Shika ncha ya juu uishushe kutoka 255 hadi 245. Kisha weka nukta robo ya chini uivute chini kidogo sana, na nyingine robo ya juu uipandishe kidogo, mstari uwe na mpindo mwepesi. Sehemu ya juu kabisa ya mstari ilale polepole, isipinde ghafla. Kulala huko ndiko kunakofanya jua lionekane laini kwenye ngozi. Funga macho kidogo, fumbua, linganisha na picha ya mezani. Ukiona ukungu, umepandisha mno ncha ya chini.

3. Rangi. Ukiwa bado kwenye Curves, ingia kila rangi peke yake. Kwenye nyekundu pandisha ncha ya chini kwa 4 au 5, vivuli viwe na ukahawia. Kwenye buluu shusha ncha ya juu hadi kama 232, nyeupe igeuke maziwa. Kijani cha majani kisogeze kuelekea njano na ukipunguze makali. Basi.

4. Mng'ao wa taa. Kwenye mkanda wa rangi, tabaka linalopokea nyekundu ndilo la chini kabisa. Mwanga mkali hupenya matabaka yote, hugonga plastiki na kurudi juu, na wa kwanza kuupokea ni nyekundu. Ndiyo maana taa za usiku kwenye CineStill 800T, mkanda wa sinema ulioondolewa utando mweusi wa nyuma unaozuia mwanga kurudi, huzungukwa na duara jekundu. Nakili tabaka la picha, bakiza sehemu zinazong'aa tu, zitie ukungu (Blur), zipake rangi ya chungwa iliyokolea, weka hali ya kuchanganya matabaka iitwayo Screen, nguvu asilimia 10. Kwa Gold usizidishe hapo.

5. Punje, yaani zile chembechembe za filamu, mwisho kabisa. Kwanza punguza picha ifikie ukubwa utakaoutumia. Ongeza tabaka la kijivu cha katikati, nyunyizia chembechembe (Noise), zitie ukungu kidogo kabisa, weka hali ya Overlay. Hali hii haigusi weusi kamili wala weupe kamili, na hivyo punje zinakaa zaidi kwenye mwanga wa kati: mashavuni, ukutani, angani.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Nikifuata hatua ya 2, nyuso za ndugu zangu weusi zinazama gizani.*

Marahaba. Umegusa jambo zito. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi zetu zikaumia. Miaka ya 1970 mwongozaji wa sinema Jean-Luc Godard alikataa kutumia filamu ya Kodak nchini Msumbiji kwa sababu hiyo. Kasoro hiyo tusiiige. Acha ile nukta ya robo ya chini, usiivute kabisa. Kisha chagua uso peke yake, pandisha mwanga wa kati mpaka uone mng'ao wa kipaji cha uso na mashavu.

*Kaka, punje nzuri kwenye kompyuta, nikituma WhatsApp zinakuwa madoa.*

WhatsApp inabana picha, na punje ndizo zinazoumia kwanza. Itume kama dokumenti. Ukilazimika kuituma kama picha, punguza nguvu ya punje kwa nusu.

*Na nikitaka nyeusi na nyeupe?*

Usifute rangi tu. Tumia mchanganyo wa rangi (Channel Mixer) na uegemee nyekundu, ngozi itapata nuru. Hatua ya 3 na ya 4 ziruke.

*Ile tarehe ya rangi ya chungwa kwenye kona ya picha za zamani tunaiwekaje?*

Andika tarakimu za umbo la saa ya dijitali, upande wa chini kulia, na utie mng'ao mwembamba kuzizunguka. Iweke kabla ya hatua ya 5. Kamera iliichapa kwa taa juu ya mkanda wenyewe, kwa hiyo punje lazima zipite juu ya tarehe kama zinavyopita juu ya uso.