Kabla hujanunua propela mpya: namna ya kupata pichi inayoifaa boti yako

Wenye boti ndogo za matembezi, hizi za faiba za futi 18 au 20 zenye injini ya kupachika, mara nyingi hubadilisha propela kwa sababu mbili: ya zamani imegonga mwamba, au jirani pale gatini ana boti inayokimbia zaidi. Wakifika dukani huuliza bei. Pichi huja kuulizwa baadaye, injini ikishaanza kulalamika. Tafadhali anza na pichi. Propela isiyofaa inaila injini kidogo kidogo, na injini ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote ulivyofunga kwenye boti hiyo.

Kwanza soma propela uliyo nayo. Kwenye kitovu chake pamegongwa namba mbili, tuseme 13 x 19. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Ya pili ndiyo pichi: inchi ambazo propela ingesogea mbele kwa kila mzunguko kama maji yasingeteleza. Kipenyo mara nyingi huachwa kama mtengenezaji wa injini alivyokipanga. Kinachochezewa ni pichi. Kama namba zimefutika, usikadirie kwa jicho, mpelekee fundi mwenye kipimo. Angalia pia mapanga yenyewe. Panga lililopinda halina tena pichi iliyoandikwa, na ukifanya majaribio nalo utapata majibu ya uongo.

Baada ya hapo fungua kitabu cha injini utafute mizunguko kwa dakika inayoruhusiwa moto, yaani mkono wa kuongezea kasi, ukifunguliwa mpaka mwisho. Injini nyingi za kisasa za mipigo minne za ukubwa wa kati huandikiwa kati ya 5,000 na 6,000. Za mipigo miwili za zamani huwa chini kidogo, nyingine 4,500 hadi 5,500. Usichukue namba ya injini ya rafiki hata kama zina nguvu sawa ya farasi. Propela sahihi ni ile inayoiacha injini yako ifike ndani ya mipaka hiyo, na mimi husisitiza nusu ya juu ya mipaka, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida.

Kwa nini jambo hili ni zito kiasi hicho? Pichi ikiwa kubwa mno, injini inalazimika kusukuma maji mengi kuliko uwezo wake kila inapozunguka. Moto umefunguliwa wote lakini mizunguko haipandi. Ni lori linalopandishwa mlima wa Kitonga kwa gia kubwa: linaguguma, linatoa moshi, na dereva anazidi kukanyaga. Ndani ya injini joto linapanda, masizi yanajaa juu ya pistoni, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na siku moja pistoni inatoboka au ringi zinakwama. Mwenye boti haoni kitu, kwa sababu kwenye maji tulivu akiwa peke yake boti bado inakwenda vizuri tu. Pichi ikiwa ndogo mno, mambo yanageuka: boti inanyanyuka upesi juu ya maji, lakini injini inapita mizunguko yake, inagonga kikomo, na kasi inaishia hapo. Beringi na fimbo za pistoni ndizo zinazoumia. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza ndilo ninaloliogopa zaidi, maana halipigi kelele.

Kwa hiyo kabla ya duka, nenda majini ukapime. Kabla ya kipimo, kwangua tumbo la boti. Mwani na vigamba vilivyoganda chini vinaweza kukupunguzia mizunguko mingi hata ukadhani propela ndiyo mbaya. Tazama kimo cha injini: lile bapa la chuma lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti au juu yake kidogo tu. Injini ikikaa juu mno, propela inavuta hewa kutoka usoni mwa maji na mizunguko inaruka bila boti kusonga. Ikikaa chini mno unaburuta chuma majini bure. Hakikisha pia mita ya mizunguko inasema kweli, hasa zile za mshale zenye swichi ndogo nyuma ya kupangia aina ya injini. Ikipangwa vibaya, hesabu yote inapotea.

Mzigo wa jaribio uwe ule unaobeba kweli. Kama safari zako ni kuvuka kutoka Msasani, Dar es Salaam, kwenda visiwa vya Bongoyo au Mbudya na familia ya watu sita, makasha ya barafu na mitungi ya maji, basi jaribu na watu sita na uzito huo, tangi likiwa na mafuta kama ya siku yoyote. Boti tupu yenye nahodha peke yake itakupa namba nzuri sana, na namba hiyo itakutia hasarani Jumapili. Chagua asubuhi maji yakiwa yametulia, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha na akae chini, na nahodha ajifunge kamba ya kuzimia injini. Fungua moto mpaka mwisho, nyanyua injini taratibu kwa swichi yake hadi pale inapokaribia kuvuta hewa, irudishe kidogo, kisha soma mizunguko na kasi ya GPS. Rudi kwa njia ileile upande wa pili na uchukue wastani wa kasi, kwa sababu mkondo wa maji kupwa na maji kujaa unaweza kukuongezea au kukuibia.

Sasa hesabu. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha takribani mizunguko 150 hadi 200: ukipunguza pichi mizunguko inapanda, ukiongeza inashuka. Chukua injini ya nguvu za farasi 115 inayoruhusiwa 5,000 hadi 6,000, yenye propela ya pichi 19, na kwenye jaribio imeishia 4,900. Ukishuka hadi 17 utapata kama 5,200 au 5,300. Umeingia ndani ya mipaka, na wauzaji wengi watakuambia inatosha. Mimi ningeshuka hadi 15, nifike 5,500 hadi 5,700, kwa sababu tumbo la boti halitabaki safi kama siku ya jaribio na wageni hawatabaki sita. Baada ya kufunga, ijaribu tena ikiwa na watu wawili tu uhakikishe haivuki 6,000.

Hesabu ya pili inakuonyesha kama tatizo ni pichi au ni kitu kingine. Zidisha mizunguko kwa pichi, kisha gawanya kwa uwiano wa gia (mara ngapi injini inazunguka propela ikizunguka mara moja) uliozidishwa kwa 1,215. Unapata kasi ya nadharia kwa maili za baharini kwa saa. Mizunguko 5,600, pichi 15, uwiano wa gia 2.15: jibu ni kama 32. GPS ikikuonyesha 28, mtelezo, yaani kasi inayopotea, ni takribani asilimia 13, na kwa boti nyepesi inayokimbia juu ya maji, asilimia 10 hadi 20 ni kawaida. Ukipata asilimia 30 au zaidi, usinunue chochote kwanza. Huenda kitovu cha mpira kilicho ndani ya propela kimeachia, shafti inazunguka na mapanga yamebaki nyuma. Kukigundua ni rahisi: chora mstari mmoja wa rangi unaovuka kutoka sehemu ya ndani ya kitovu hadi ya nje, nenda kapige mbio, rudi uutazame. Mstari ukikatika, pande zake zisitazamane tena, umempata mwizi.

Boti ikihama kutoka pwani kwenda bara, hesabu ifanywe upya, na hili linasahauliwa mno. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa ndani, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo 115 iliyotoka Dar es Salaam ikifika Mwanza imebaki kama 102. Mfumo wa kielektroniki unaweza kurekebisha mafuta, lakini hauwezi kuongeza hewa isiyokuwepo. Injini za kabureta huenda zikahitaji na jeti nyingine, vile vitundu vya kupitishia mafuta. Propela iliyofaa Msasani itaielemea injini hiyo, na mara nyingi kushuka pichi inchi moja au mbili kunarudisha mambo mahali pake. Ziwa Naivasha, ambalo liko karibu mita 1,880, linadai zaidi.

Kuhusu chuma cha kutengenezea: propela ya chuma cha pua haipindi ovyo, ina mapanga membamba, na huongeza kasi kidogo. Lakini kwenye maji yenye matumbawe mengi napendelea alumini kwa boti ya familia. Ikigonga, panga linakunjika na pigo linaishia hapo, badala ya kupanda hadi kwenye shafti na gia. Mapanga manne hushika maji vizuri zaidi kwenye mawimbi na huinyanyua mapema boti yenye mzigo, ila yanapunguza mizunguko, kwa hiyo pichi yake ishuke inchi moja au zaidi ukilinganisha na ya mapanga matatu. Dukani taja pia idadi ya meno ya shafti yako na upande inaozungukia.

Siku ya kuifunga, toa ufunguo, kata betri, na weka gongo la ubao kati ya panga na lile bapa la juu ili propela isizunguke mkononi mwako. Ukishaivua ya zamani, angalia kama kuna mshipi wa kuvulia uliojizungusha kwenye shafti nyuma yake. Mshipi hukata sili, maji yanaingia kwenye gia, na oili inakuwa nyeupe kama maziwa. Paka grisi ya baharini kwenye meno yote, rudisha washa kubwa ya ndani kama ulivyoikuta, kaza nati kwa kipimo cha kitabu, na tia kotapini mpya, si ile uliyoinyoosha. Propela ya zamani kama bado nzima ikae ndani ya boti pamoja na nati, washa, kotapini mbili, spana na koleo. Baada ya safari ya kwanza fungua kotapini, ikaze tena nati, na tia nyingine.