Kupima amani ya kusema kazini: somo kwa hoteli na vyombo vya baharini vya Lamu na Malindi

Usalama wa kisaikolojia ni imani ya kikundi kwamba anayeuliza, anayekiri kosa au anayempinga mkubwa hataadhibiwa wala hatatahayarishwa. Kipimo kinachotumika sana ni cha Amy Edmondson wa Harvard, kilichochapishwa mwaka 1999. Kina sentensi 7 za Kiingereza, na kila mtu hujaza peke yake.

1. Chagua kikundi. Hoteli nzima si kikundi. Jikoni ni kikundi, na mapokezi ni kikundi kingine. Mabaharia wa jahazi wakiwa chini ya 5, acha karatasi uzungumze nao mmoja mmoja, maana mwandiko na majibu yatamtaja mwenyewe.

2. Fasiri maana, usifasiri neno. Hapa ndipo wengi huharibu. Sentensi ya nne huuliza kama ni salama kujihatarisha kikundini. Ukiiandika hivyo, baharia wa Lamu atawaza bahari ya kusi na kujibu hapana, ilhali unachouliza ni kama anaweza kutoa wazo geni bila kuchekwa. Andika hilo wazi. Kisha mpe mtu asiyeijua sentensi ya asili akueleze kila sentensi inasema nini. Asipopatia, iandike upya.

3. Weka ngazi 1 hadi 5, 1 ikiwa "sikubali kabisa". Asili ina ngazi 7, kwa hiyo usilinganishe alama zako na za waliotumia 7.

4. Kusanya. Kalamu za rangi moja, sanduku lililofungwa, na msimamizi asiye wa kikundi. Usiulize umri wala jinsia. Jikoni penye watu 8, "mwanamke, miaka 50" ni sawa na kuandika jina. Malindi, epuka majuma ambayo mikataba ya msimu inakaribia kwisha; kila mtu ataandika mazuri alinde kibarua chake.

5. Hesabu. Sentensi ya 1 (kosa hukuandama), ya 3 (walio tofauti hutengwa) na ya 5 (ni vigumu kuomba msaada) zimegeuzwa: anayekubali anasema hali ni mbaya. Kwa hizo tatu, toa alama kutoka 6: aliyeandika 2 anapata 4. Ndipo ujumlishe zote na kugawa kwa 7. Aliyezungushia 5 kote amejipinga mwenyewe. Weka karatasi yake kando, lakini hesabu ziko ngapi za namna hiyo. Zikiwa nyingi, watu waliogopa, waliharakishwa, au hawakuelewa.

Wastani wa kikundi peke yake hudanganya. Wote wakipata 3, au nusu 1 na nusu 5, wastani ni 3 ule ule, na hali ya pili ni nzito zaidi: kuna wanaonyamaza mbele ya wenzao wasiojua.

Maswali yaliyoulizwa

*Baadhi yetu hawasomi. Tufanyeje?*
Soma kila sentensi mara mbili. Wape kadi zenye duara 5, dogo hadi kubwa, watie alama. Msomaji asipite katikati yao.

*Tumepata 4.8. Ni nzuri?*
Ilinganishe na daftari la makosa. Utafiti wa Edmondson hospitalini, uliotoka 1996, ulikuta wodi zenye uhusiano mzuri zikiripoti makosa mengi zaidi ya dawa, kwa kuwa watu wake walithubutu kuyasema. Alama 4.8 na daftari tupu miezi mitatu? Tilia shaka.

*Kwetu kijana hampingi mzee hadharani. Hiyo ni hofu?*
Si lazima. Heshima huchagua mahali na namna ya kusema. Hofu hufunga mdomo kote. Ongeza sentensi: "Mkubwa akikosea, ninayo njia ya kumwambia." Alama yake isiingie kwenye wastani wa zile 7.

*Meneja anataka kuziona karatasi.*
Mpe wastani na mtawanyiko, yaani jinsi alama zilivyotofautiana. Karatasi zichome siku ile ile, mbele ya waliojaza.