Kuanza Uandishi wa Habari Bila Shahada

Anza na sheria ya vyombo vya habari ya nchi unayofanyia kazi. Zipo nchi ambazo huruhusiwi kuripoti bila kitambulisho cha mwandishi wa habari, na kitambulisho hicho hakitolewi bila cheti cha masomo ya uandishi. Hapo itabidi usome kozi inayotambuliwa. Kwingine kote, mhariri hutazama kazi ulizokwisha kuandika.

1. Chagua eneo moja. Afya, mahakama, kilimo, elimu. Anayeandika kila kitu huchelewa sana kupata vyanzo.

2. Ripoti tukio la wazi. Kesi mahakamani au kikao cha baraza kinatosha. Ukiruhusiwa kurekodi, weka simu kwenye hali ya ndege kwanza, maana simu ikiingia huweza kukata rekodi katikati ya nukuu unayoihitaji. Kila nukuu nzito inapotamkwa, andika dakika yake daftarini. Mwombe msemaji akuandikie jina na cheo chake kwa mkono wake.

Kisha andika maneno 400. Aya ya kwanza iseme nani amefanya nini, wapi na lini, kwa maneno yasiyozidi 35. Wengi huanza na historia ya baraza na wageni waalikwa, uamuzi wenyewe ukaja aya ya sita.

3. Hakiki. Hapa ndipo mwandishi anapopatikana. Pigia mstari kila jina, tarehe, namba na tuhuma, halafu andika pembeni umeipata wapi. Mstari usio na chanzo unafutwa, hata kama ndio mtamu kuliko yote. Watu wawili waliosikia jambo kwa mtu yuleyule wa tatu ni chanzo kimoja, si viwili.

Ukiwa na tuhuma, mpelekee mtuhumiwa madai yote kwa maandishi, moja baada ya jingine, na umpe muda wa kutosha kujibu. Kumpigia mara moja usiku kisha kuandika "hakupatikana" ni kumnyima haki yake. Wala neno "inadaiwa" si kinga: ukirudia kashfa ya mwingine, unaweza kushtakiwa wewe.

4. Mwandikie mhariri mmoja. Soma chombo chake kwanza, uhakikishe habari hiyo hawajaitoa. Barua pepe iwe na maneno kama 150: jipya ni lipi, kwa nini sasa, umezungumza na nani, urefu, na siku utakayowasilisha. Weka viungo vya kazi mbili au tatu. "Nataka kuandika kuhusu maji" ni mada tu. "Kisima kilicholipiwa hakijachimbwa, na mkataba ninao" ni habari. Asipojibu kwa wiki moja, mkumbushe mara moja, kisha mwarifu kwamba unaipeleka kwingine. Habari za siku hiyohiyo hazingoji wiki, kwa hiyo taja saa ya mwisho ya kungoja jibu lake.

5. Kubalianeni kwa maandishi kabla ya kuanza kazi: malipo, tarehe ya kulipwa, nani analipia nauli, na utapata nini habari ikiagizwa kisha isichapishwe. Hifadhi rekodi na daftari hata baada ya kuchapishwa, maana malalamiko huweza kuja miezi kadhaa baadaye.