Jinsi ya kuchagua usukani na nyenzo za nguvu kwa simulaita ya ndege nyumbani

Usukani wa ndege, au yoki kama wengi wanavyouita, hununuliwa kwa macho: mtu anavutiwa na wingi wa vitufe, anausahau mhimili ulio nyuma yake. Vitufe kibodi inavyo tayari. Unacholipia hapa ni jinsi mkono unavyosogea na jinsi kompyuta inavyousoma mwendo huo.

Hatua ya 1: Anza na ndege, si na duka

Cessna 172, Piper PA-28, Beechcraft Baron, King Air na Boeing za abiria kama 737 na 777 zina yoki. Airbus kuanzia A320 zina fimbo ya pembeni, na za kivita kama F-16 hali kadhalika. Kama saa nyingi utazitumia kwenye A320, usinunue yoki hata kama inapendeza mezani, chukua fimbo.

Hatua ya 2: Hesabu nyenzo unazohitaji

Cessna 172S inahitaji nyenzo (vishikio vya kusukuma na kuvuta, kimoja huitwa wenzo) mbili tu: ya nguvu (nyeusi) na ya mchanganyiko wa mafuta na hewa (nyekundu). Ndege yenye pangaboi la kubadilisha pembe, mfano Cessna 182, inaongeza ya tatu, ya buluu. Baron ina injini mbili, hivyo zinakuwa sita. Boeing 737 inataka mbili za injini, moja ya breki za hewa na moja ya flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyosaidia kuruka na kutua taratibu). 747 ina nne za injini peke yake.

Kwadranti (kisanduku cha nyenzo) ya Logitech ina nyenzo tatu, na ukiweka mbili sambamba unapata sita. Honeycomb Bravo ina nafasi sita, vishikio vyake vinabadilishwa kulingana na ndege, na ina gurudumu la trimu (kirekebishi kinachoshikilia pua ilipo bila mkono kuvuta) na paneli ya otopailoti (mfumo wa ndege kujiongoza yenyewe). TCA Quadrant ya Thrustmaster imeigwa kutoka Airbus: nyenzo mbili zenye vituo ambavyo mkono unavihisi, yaani IDLE (nguvu ya chini kabisa), CLB (ya kupanda), FLX/MCT (ya kuruka iliyopunguzwa, au ya juu ya kudumu) na TOGA (nguvu zote). Kwenye A320 vituo hivyo si urembo. Rubani huacha wenzo kwenye CLB karibu safari nzima na kompyuta ya ndege ikaongoza injini. Wenzo laini usio na vituo utakulazimisha uangalie skrini kila mara kujua uko wapi.

Flapu na magurudumu yanatosheka na swichi. Usipoteze mhimili mzima (njia moja ya mwendo inayosomwa na kompyuta, kama wenzo mmoja) kwa ajili yake kama nyenzo ni chache.

Hatua ya 3: Ukague usukani wenyewe

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Tazama kwanza nyuzi za mzunguko. Yoki ya Logitech inazunguka nyuzi 90 kwa jumla, 45 kila upande. Honeycomb Alpha inazunguka 180. Mzunguko mfupi maana yake kijisogezo kidogo cha mkono kinalaza bawa sana, na utaliona hilo wakati wa kutua, pale unapotaka kurekebisha nyuzi moja au mbili tu.

Pili, kunata katikati. Shika usukani kwa vidole viwili, uusukume mbele polepole sana. Ukigoma kwanza kisha ukaruka ghafla, msuguano ni mkubwa kuliko springi inavyoweza kuuficha, na pua ya ndege itapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Kasoro hii haitibiki kwa programu. Kama huwezi kuushika kabla ya kununua, tafuta maelezo ya watumiaji kuhusu jambo hili moja, mengine yaache.

Tatu, vihisi. Potenshomita husoma mwendo kwa kugusana, kwa hiyo huchakaa na kushika vumbi; dalili yake ni namba kurukaruka ilhali mkono umetulia. Kihisi cha Hall hutumia sumaku, hakuna kinachogusana, hivyo hudumu zaidi. Uliza pia idadi ya biti. Biti 8 ni ngazi 256: kwa mzunguko wa nyuzi 180, kila ngazi ni takriban nyuzi 0.7. Biti 10 ni ngazi 1024, biti 12 ni 4096. Chini ya 10 usishuke.

Hatua ya 4: Pima meza

Pima unene wa ubao wa mbele na ulinganishe na upana wa jiriwa ya kifaa. Chungulia chini: droo au upau wa chuma ndiyo sababu ya kawaida ya jiriwa kukosa pa kubana. Meza ya kioo usiibane kabisa. Kumbuka mhimili unatoka kuelekea kifuani unapovuta, kwa hiyo kaa umbali ambao ukivuta hadi mwisho viwiko havijibani mbavuni. Yoki ikikaa juu ya meza, mikono nayo hupanda. Inua kiti, la sivyo mabega yatalalamika ndani ya saa moja.

Hatua ya 5: Unganisha na usawazishe

Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, au kwenye habu ya USB yenye umeme wake. Zima mpangilio wa Windows unaokata umeme wa USB kuokoa nishati. Ndio unaofanya kifaa "kipotee" katikati ya safari. Sasisha programu ya kifaa kwanza, ndipo ufungue joy.cpl (dirisha la Windows la kupima vifaa vya kuchezea). Sukuma kila mhimili hadi miisho yote miwili na uone kama unafika mwisho na kurudi katikati. Sawazisha hapo ikiwa tu kitabu cha kifaa kinaelekeza, kwa kuwa vingine hujisawazisha vyenyewe.

Hatua ya 6: Ndani ya simulaita

Microsoft Flight Simulator hukipa kila kifaa mpangilio wake. Matokeo yake, vifaa viwili vinaweza kuongoza mhimili mmoja, na nguvu ya injini ikawa inapanda na kushuka yenyewe. Futa marudio hayo kabla ya kulaumu kifaa. Wenzo ukifanya kazi kinyume, geuza mhimili kwenye mipangilio.

Mwitikio (kiasi ambacho ndege inafuata mwendo wa mkono) uache mnyoofu kwa saa chache za mwanzo. Ukiona katikati pana wepesi mno, punguza kwa asilimia 20 hadi 30. Lakini ujue kinachopungua katikati kinaongezeka miishoni. Eneo lisiloitika (sehemu ya katikati ambapo mwendo hauhesabiwi) weka asilimia 2 au 3 ikiwa tu namba zinatetemeka. Wengi huongeza namba hizi wakati shida halisi ni trimu: ukiwa bado unavuta usukani kwa nguvu baada ya ndege kutulia, hujaipa trimu.

Hatua ya 7: Jaribu

Ukiwa chini, injini imezimwa, achia usukani na uangalie kwa nje: eleroni (vibao vya mabawa vinavyolaza ndege) na eleveta (kibao cha mkia kinachopandisha na kushusha pua) zikae katikati. Fanya kipimo hiki chini kwa sababu angani ndege ya injini moja huweza kulalia upande kwa msokoto wa injini yake, na hilo si kosa la kifaa.

Potenshomita ikirukaruka, tumia kisafishio cha viunganishi vya umeme kisichoacha mabaki. Mhimili ukikwaruza, paka grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya petroli na jamii yake hudhoofisha plastiki.

Yoki haipindi kushoto na kulia kwa ajili ya usukani wa mkia (unaogeuza pua kushoto na kulia). Bila pedali za miguu, washa msaada wa usukani wa mkia kwenye mipangilio, au uupe mhimili uliobaki. Ukilazimika kuchagua kati ya yoki ya kifahari na yoki ya wastani pamoja na pedali, chukua ya wastani na pedali. Upepo wa pembeni hautakusamehe kwa kuwa na vitufe vingi.